Je, Wajua? Kutoka Kaunta ya Kikuubo hadi Seva ya Chumba cha Nyuma

Je, wajua kwamba kila kompyuta ina anwani ya kujiita yenyewe, na kwamba anwani hiyo imewachelewesha mafundi wengi wa Kampala kurudi nyumbani? Ni 127.0.0.1. Programu ikiambiwa kanzidata iko 127.0.0.1, haitoki nje hata hatua moja; inageuka na kubisha hodi kwenye mlango wake yenyewe. Hilo halina neno fundi anapojaribu kazi yake kwenye kompyuta moja. Tabu huanza programu ikihamia kaunta, kanzidata ikabaki kwenye seva ya chumba cha nyuma, na anwani ikasahauliwa. Kaunta inaanza kuitafuta kanzidata tumboni mwake. Jumamosi moja nilimaliza mchana mzima katika duka la jumla pale Kikuubo kwa kosa hilo hilo, mwenye duka akipita kila robo saa. "Ssebo, bado?" "Bado, nnyabo." Kebo nilibadilisha. Swichi nilizima nikawasha. Anwani ndiyo niliyoitazama mwisho.

Na wajua kwamba anwani zote zinazoanza na 127 zinarudi kwenye kompyuta ile ile? Ziko 16,777,216. Ishike namba hiyo, tutakutana nayo tena kwenye mita ya umeme.

Wajua maana ya kanzi? Ni hazina, akiba iliyofichwa. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu. Ndiyo maana Watanzania wanasema kanzidata. Wengine husema hifadhidata. Fundi wa Wandegeya atakuambia databesi, na atakuelewa ukitaja lolote kati ya hayo matatu. Mimi nachukua kanzidata kwa sababu inanikumbusha kuwa ndani mna mali ya mtu.

Uganda haina bahari, lakini wajua kwamba kila kompyuta iliyo Kampala ina bandari 65,535? Mafundi huziita poti, nazo ni milango yenye namba ambayo mazungumzo ya mtandao hupitia. Kati ya kanzidata zinazojulikana, MySQL husubiri wageni kwenye poti 3306, PostgreSQL 5432, SQL Server 1433, Oracle 1521. Bandari halisi ya Kampala ni Port Bell, kule Luzira, iliyopewa jina la Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Bia ya Bell nayo imelichukua jina hapo hapo. Kwa hiyo fundi anayekunywa Bell baada ya kufungua poti 3306 anafanya utani bila kujua.

Kupima seva kwa pingi, ule ujumbe mfupi wa kuuliza kama kompyuta ipo, hakutoshi. Pingi ikijibu, umejua nyumba ipo na mtu yu macho. Kama mlango wa 3306 uko wazi, hiyo ni habari nyingine kabisa, na mara nyingi ukuta wa ulinzi wa Windows ndio uliokaa mlangoni bila mtu kuuambia chochote.

Je, wajua kwamba PostgreSQL iliyosakinishwa leo asubuhi haimsikilizi mtu yeyote wa nje? Imezaliwa na masikio ya ndani tu. Lazima uiambie kwanza isikilize mtandao, kisha uandike katika faili lake la wageni ni anwani zipi zinazoruhusiwa kuingia, kwa jina gani, kwenye kanzidata ipi. Watu hulalamika kuwa ni usumbufu. Mlinzi anayemwacha kila mtu apite huwa hasumbui, mpaka siku ya kuhesabu mali.

MySQL ina tabia yake ya kushangaza zaidi. Kwake mtumiaji ni jina pamoja na mahali anapotoka. Okello wa kwenye seva yenyewe na Okello wa 192.168.1.20 ni watu wawili tofauti, kila mmoja na nywila yake na ruhusa zake. Ndiyo maana nywila inayofanya kazi vizuri ukiwa umekaa mbele ya seva inakataliwa ukiijaribu kutoka kaunta, na fundi anaapa kwamba hajakosea hata herufi. Kweli hajakosea. Aliyekuja mlangoni ni Okello mwingine.

Windows ina makabati mawili ya kutunzia viunganishi vya ODBC, vinavyozifikisha programu kwenye kanzidata: moja la programu za biti 32 na jingine la programu za biti 64. Kiunganishi ulichokiweka katika kabati moja hakionekani katika jingine. Na wajua kichekesho chake? Kabati la biti 64 liko katika folda inayoitwa System32. La biti 32 liko katika folda yenye 64 ndani ya jina lake, SysWOW64. Sina la kuongeza hapo.

Mafundi wa Java nao wana kitendawili chao, na hiki nitakaa nacho kidogo. Seva za programu, kama GlassFish au WildFly, huwekewa kitu kinachoitwa chanzo cha data. Msimamizi anajaza pale anwani ya kanzidata, jina na nywila, kisha anakipa chanzo hicho jina fupi. Programu zinazoishi ndani ya seva hukiita kwa jina tu, kama mtoto anavyoita "mama" akiwa sebuleni akaitikiwa kutoka jikoni. Sasa chukua programu ya pekee, inayojiendesha yenyewe kwenye kompyuta ya kaunta, uiambie iite jina lile lile. Haiitikiwi. Jina lile lilikuwa la ndani ya nyumba; ukisimama Old Taxi Park ukaita "mama", watageuka wanawake mia moja au hatageuka hata mmoja. Programu ya Java kwa kawaida hupata jibu la pili. Hapo njia ni mbili. Ama programu ya kaunta ipewe dereva wake na anwani kamili, iende yenyewe hadi kwenye kanzidata. Au izungumze na seva ya programu kwa kutumiana ujumbe, na seva hiyo ndiyo iingie ghalani kwa niaba yake. Mimi niko upande wa njia ya pili, na karibu safu hii yote ni maelezo ya kwa nini.

Chukua nywila kwanza. Programu ya kaunta ikienda yenyewe kwenye kanzidata, nywila inakaa kaunta, mara nyingi ndani ya faili la maandishi ambalo kijana yeyote wa zamu anaweza kulifungua kwa Notepad akalisoma kama barua. Duka lenye kaunta sita lina nakala sita za ufunguo wa ghala. Mfanyakazi akiondoka kwa ugomvi, utabadilisha nywila mara moja kwenye seva na mara sita kwenye kaunta. Ile ya sita ndiyo utakayoisahau, na ndiyo itakayokataa kuuza Jumatatu asubuhi.

Wajua kwamba Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ilichagua njia ya pili? Mfumo wake wa risiti za kielektroniki, EFRIS, uliofanywa wa lazima kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT tangu 1 Januari 2021, unakubali kuunganishwa na programu ambayo duka tayari linaitumia kwa hesabu, kama Tally au QuickBooks. Lakini programu hiyo haiingii kwenye kanzidata ya URA. Inatuma ankara, seva inaipokea, inaikagua, inaiandika yenyewe, kisha inarudisha namba ya hati na msimbo wa QR wa kuchapwa kwenye risiti. Muuzaji anakabidhi dirishani. Karani aliye ndani ndiye anayefungua kabati. Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya jiji walifunga maduka kwa siku kadhaa, EFRIS ikiwa miongoni mwa malalamiko yao, ila ugomvi ulihusu kodi na faini kuliko nyaya.

Kuna pia njia ya tatu kwa duka lisilo na intaneti ya kuaminika: programu ndogo ya kusakinisha kwenye kompyuta ya duka, inayotunza ankara mpaka mtandao urudi. Hilo ndilo wazo ambalo mafundi wa Afrika Mashariki wamelirudia mara nyingi. Tutaliona tena hospitalini.

Je, wajua kwamba seva ya kanzidata ina idadi ya viti? PostgreSQL hutoka kiwandani na viti 100, vitatu kati yake vimetengewa msimamizi. MySQL ina 151. Sasa piga hesabu: programu ya kaunta ikifungua miunganisho mitano kila inapowashwa, kaunta 30 ni 150. MySQL itawabeba wote, kiti kimoja kikibaki wazi. PostgreSQL itaanza kuwakataa watu wa kaunta ya 20. Na ongeza kituko hiki: programu nyingi hufungua muunganisho zikasahau kuufunga, kama abiria aliyeshuka kwenye matatu akaacha begi lake juu ya kiti. Gari limejaa, halina mtu.

Seva ya programu iliyo katikati hutibu ugonjwa huo kwa kushika viti vichache, tuseme 10, na kuziazima kaunta zote kwa zamu. Swali la kawaida la kanzidata huisha ndani ya milisekunde chache, kwa hiyo viti 10 vinaweza kuhudumia mtaa mzima na hakuna anayehisi kusubiri. Wahindi wenye maduka ya vitambaa walilijua hilo kabla ya kompyuta: wauzaji wengi, mshika fedha mmoja.

Wajua kwa nini mauzo ya kwanza ya asubuhi hukataa, ya pili yakakubali? MySQL huukata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800. Hizo ni saa nane kamili. Duka likifungwa saa mbili usiku na kufunguliwa saa mbili asubuhi, saa 12 zimepita. Programu bado inadhani imeshika mkono wa seva, kumbe seva iliuachia mkono ule alfajiri. Mteja wa kwanza ndiye anayegundua. Nimewahi kuona duka ambapo mshika fedha alikuwa amezoea kabisa: anauza pipi moja ya uongo kila asubuhi, inakataa, anaendelea na kazi. Hakuwahi kumwambia fundi kwa sababu kwake haikuwa hitilafu, ilikuwa desturi ya mashine.

Saa mbili niliyoitaja ni ya Kiswahili, bila shaka. Baganda nao huhesabu hivyo hivyo, ssaawa bbiri za asubuhi ni ile ambayo kompyuta huiandika 08:00. Na kwa habari ya saa, wajua kwamba kiunganishi cha MySQL cha Java kiliwahi kuikataa Afrika Mashariki nzima? Toleo la 8 lilipotoka, mafundi wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam walijikuta wakisoma ujumbe kwamba saa za eneo la "EAT" hazitambuliki. Seva ilikuwa imejitambulisha kwa herufi tatu tunazozitumia sote, nacho kiunganishi hakikuridhika na ufupisho. Kilitaka jina kamili, Africa/Kampala au Africa/Nairobi. Ukiongeza maneno hayo kwenye anwani ya muunganisho, mlango unafunguka. Tena katika orodha ya kimataifa ya majira ya saa, Africa/Kampala siku hizi ni jina la pili tu la Africa/Nairobi. Waganda, msinitupie mawe. Si mimi niliyeiandika.

Sasa umbali, ambao watu huusahau kwa sababu hauonekani. Nuru ndani ya kebo ya kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kampala hadi Mombasa kwa njia ya barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa hiyo swali la kwenda na kurudi haliwezi kutumia chini ya milisekunde 11, hata kama huko mwisho anasubiri malaika. Seva iliyo Ulaya inaweza kuchukua milisekunde 150. Ni kidogo? Chukua risiti ya bidhaa 40, na programu iliyoandikwa kivivu inayouliza kanzidata maswali manne kwa kila bidhaa: bei, baki, kodi, punguzo. Maswali 160. Seva ikiwa chumba cha nyuma, kila swali likachukua milisekunde moja, risiti imetoka kabla hujapepesa jicho. Seva ikiwa Ulaya, ni sekunde 24, mteja amekunja sura. Programu ile ile, kanzidata ile ile.

Na zamani? Kabla ya kebo za baharini, Kampala ilitegemea setilaiti zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali linapanda, linashuka, jibu linapanda, linashuka: karibu nusu sekunde ya safari tupu. Risiti ile ya maswali 160 ingetumia zaidi ya dakika moja na robo. Ndipo utaelewa kwa nini maofisa wa enzi ile walipendelea programu inayoishi kwenye kompyuta moja na kuhifadhi kila kitu hapo hapo. Hawakuwa nyuma ya wakati. Walikuwa wamepiga hesabu.

Kebo ya Seacom ilizinduliwa Julai 2009, ikifika Mombasa na Dar es Salaam, na Uganda ikaifuata kwa waya wa nchi kavu. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Kampala ilikuwa imeshafungua kituo chake cha kubadilishana mawasiliano, UIXP. Kazi yake ni rahisi kuieleza: barua pepe ya mtu wa Nakasero kwenda kwa mtu wa Ntinda, walio kwa watoa huduma wawili tofauti, isilazimike kwenda ng'ambo na kurudi.

Waya nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika pamoja upande wa pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kutoka Dar es Salaam hadi Kampala. Wakati mwingine haukatiki, unazimwa: jioni ya 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ya Uganda ilifungwa, ikarudi tarehe 18. Katika siku hizo, kaunta iliyotegemea seva ya ng'ambo iligeuka meza. Ile iliyounganishwa na seva ya chumba cha nyuma kwa kebo ya mita 20 iliendelea kuuza sukari. Nikiulizwa seva iwekwe wapi, huwa naikumbuka wiki ile kabla sijataja bei ya kukodi.

Je, wajua kwamba kuna kanzidata iliyozaliwa kutokana na hasira dhidi ya seva iliyozimika? Mwaka 2000 Mmarekani Richard Hipp alikuwa akiandika programu ya meli ya kivita. Programu ilikuwa salama, lakini kila kanzidata ya Informix ilipoanguka kwenye seva, kioo cha programu kilimwambia mtumiaji kwamba haiwezi kuunganishwa. Lawama zilimwendea yeye. Akajiuliza: kwa nini kuwe na seva hata kidogo? Akaandika SQLite, kanzidata nzima ndani ya faili moja, isiyo na seva, isiyo na poti wala nywila ya kusahaulika. Leo iko ndani ya karibu kila simu. Ujumbe wako wa WhatsApp kwenye Android umehifadhiwa humo. Yule boda anayekusubiri nje anatembea na kanzidata kadhaa mfukoni, na hajawahi kumwita fundi.

Jina la MySQL limetokana na binti. Michael Widenius, Mfini, alimpa kanzidata jina la mtoto wake My. Baadaye alipoanzisha MariaDB, alitumia jina la mdogo wa My, Maria.

Wajua hatari ya kuwa na kanzidata bila kujua kwamba unayo? Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Slammer, wenye ukubwa wa baiti 376 tu, mfupi kuliko aya hii, ulienea duniani kwa kupitia poti 1434 ya SQL Server. Mwanzoni idadi ya waathirika iliongezeka maradufu kila sekunde 8.5. Ndani ya dakika 10 ulikuwa umewafikia wengi wa wale ambao ungeweza kuwafikia, kompyuta 75,000 hivi. Dawa yake ilikuwa imetolewa miezi sita kabla. Kwa nini hawakuinywa? Baadhi yao hawakujua ni wagonjwa: walikuwa wamesakinisha programu ya kawaida ya mezani, nayo ilikuwa imewaletea SQL Server ndogo kimyakimya, kama mgeni aliyekuja na nduguye na nduguye akabaki.

Na Januari 2017 wezi walizunguka mtandaoni wakitafuta kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila nywila. Walizifuta kwa maelfu, wakaacha barua ya kudai fidia. Seva ya kanzidata haina kazi yoyote kwenye intaneti ya wazi. Kaunta iliyo mbali ipitie kwa karani.

Tumefika hospitalini. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza mwaka 2001 kuandika wagonjwa kwenye kompyuta kwa Microsoft Access, programu ambayo huweka kila kitu katika faili moja. Ilifaa kituo kimoja. Wagonjwa wa VVU walipoongezeka na vituo vikawa vingi, Access haikutosha, na mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenMRS, unaotumia MySQL kwenye seva. Mtoto wake wa Uganda anaitwa UgandaEMR, na alilelewa Makerere, katika Shule ya Afya ya Umma. Seva yake huwekwa ndani ya kituo chenyewe, muuguzi akaifikia kwa kebo au Wi-Fi ya pale pale. Intaneti ikizimika, faili la mgonjwa bado linafunguka. Umeme ukizimika, hiyo ni mada nyingine, na kila mganga mkuu anaijua kuliko mimi.

Takwimu za afya zilipita njia nyingine. Mfumo wa DHIS ulianzia Cape Town katika miaka ya 1990, nao pia juu ya Access. Kila ofisi ilikuwa na nakala yake. Mwisho wa mwezi mtu alinakili faili na kulipeleka ngazi ya juu. Kanzidata zilipanda basi. Kisha ikaja DHIS2, inayokaa kwenye seva ya PostgreSQL. Wakenya walipojiandaa kuipokea, mpango wa awali ulikuwa ule ule wa zamani: nakala ya pekee katika kila wilaya. Wakaenda kuijaribu kule Pwani kwa modemu za simu, wakakuta mtandao unafika. Wakaufuta mpango, wakaweka seva moja ya kati, na mwaka 2011 nchi nzima ikaanza kuandika mahali pamoja. Uganda ikafuata 2012. Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba walipima kwanza. Modemu chache za kujaribia ziliokoa miaka ya safari za kutengeneza kompyuta moja moja wilayani.

Na hata hivyo, nakala ile ya pekee ilirudi kwa mlango wa nyuma. DHIS2 ya simu ya Android hutunza takwimu ndani ya simu kwa SQLite hadi mtandao upatikane. Yule Hipp tena.

Wajua ni lini neno seva liliingia siasani? Agosti 2017, baada ya uchaguzi wa Kenya, Mahakama ya Juu iliiagiza tume ya uchaguzi, IEBC, iwape walalamikaji ruhusa ya kusoma tu kwenye seva zake. Kusoma tu ni ruhusa ambayo kila msimamizi wa kanzidata huitoa kila siku: uone, usiguse. Tume haikutimiza agizo hilo ipasavyo, na tarehe 1 Septemba matokeo ya urais yakafutwa, jambo hilo likiwa miongoni mwa yaliyoipa mahakama mashaka. "Fungua seva" ikawa kauli ya mitaani, kwenye matatu na kwenye baa, kinywani mwa watu ambao hawajawahi kuiona seva. Sijui darasa la kompyuta lililowahi kufundisha haki za mtumiaji kwa watu wengi kiasi hicho.

Mwisho, mita yako. Yaka ni neno la Kiganda, amri ya kuiambia taa iwake, ndugu wa damu wa waka yetu. Lakini wajua kwamba mita ya Yaka haijaunganishwa na seva yoyote? Haina laini wala kebo ya mtandao. Inakaa ukutani peke yake miaka na miaka. Seva iko mbali, imeandika kwamba umelipia. Kati yao hakuna waya. Waya ni wewe: unapewa tarakimu 20 kwenye simu, unatembea nazo hadi ukutani, unazibonyeza. Ndani ya tarakimu hizo uniti zako zimefumbwa kwa ufunguo wa mita yako pekee, ndiyo maana tokeni ya jirani haiwashi kwako. Mita haimuulizi mtu. Inafumbua, inaamini, inawasha.

Na inajuaje kwamba hujaileta tokeni ya jana mara ya pili? Kila tokeni hubeba dakika iliyotolewa, ikihesabiwa tangu 1 Januari 1993, katika nafasi ya biti 24. Biti 24 zinaweza kubeba namba 16,777,216. Ndiyo, ile ile ya anwani za 127. Kompyuta zina namba chache zinazozipenda. Dakika hizo ni kama miaka 32, na zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo kila mita ya aina hiyo duniani, kuanzia Soweto hadi Kawempe, ingekataa tokeni mpya kama haikufufuliwa mapema. Hakuna seva iliyoweza kuzifikia. Kwa hiyo watu walitumiwa mistari miwili ya ziada ya tarakimu 20, na mji mzima ukasimama mbele ya ukuta, simu mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kikibonyeza, mtoto akisoma namba kwa sauti. Kwa aliyenunua umeme pia siku hiyo hiyo, tarakimu 60. Hesabu mpya inaanzia 2014, nayo itajaa tarehe 24 Novemba 2045.